Zako tia maji: shajara ya wembe wa mjomba

2 Februari

Naanza kuandika leo kwa sababu nimeshajikata mara tatu, na kila nikirudi mbele ya kioo sikumbuki mara iliyopita nilikosea wapi. Wembe nilionao ni wa mjomba wangu, kinyozi wa Tanga aliyeacha kazi mikono ilipoanza kumtetemeka. Alikuwa na nyembe mbili za kukunja, zote za Solingen, Ujerumani, mji ambao jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938. Mmoja amenipa Desemba nilipokwenda kumsalimu, wa pili amebaki nao. Alinipa na sharti moja: wembe mmoja, uso mmoja. Sharti hilo alijiwekea mwenyewe miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa umeingia kila mtaa. Nyembe zake akazifungia kabatini, wateja akawahamishia kwenye mashine na viwembe vya kutupa.

Sababu ya mradi ni shingo yangu. Nina ndevu za kipilipili, na kwa miaka zaidi ya kumi nimenyoa kwa vinyoleo vya plastiki vyenye nyembe tatu au nne zilizopangana. Wembe wa kwanza unauvuta unywele, unaofuata unaukata, na kisiki kinachobaki kinarudi chini ya ngozi. Unywele ulionyooka hutoka tena palepale. Wangu umejikunja, kwa hiyo ukichipua unapinda, unachoma nyama kutoka ndani, na panaota kipele. Chini ya taya nimejaa vipele na madoa meusi. Wembe mmoja unaokata mara moja, juu ya ngozi, hauna tabia hiyo ya kuvuta, na ndiyo maana nimeuchukua.

Ninachotaka: kunyoa mara mbili kwa wiki bila kipele kipya na bila ngozi kuwaka moto baadaye. Najipa mpaka mwisho wa Mei.

Vifaa. Wembe una upana wa milimita 16 hivi, zile sehemu tano za nane za inchi wanazozisema vinyozi. Mbavu zake zimechimbwa pande zote mbili, hivyo karibu na makali chuma ni chembamba mno. Ukikigusa kwa ukucha kinatoa mlio. Ukanda wa kuupitishia wembe ili makali yakae sawa nimekatiwa na fundi viatu Kariakoo, ngozi ya ng'ombe upande mmoja, kitambaa upande wa pili, urefu wa nusu mita. Brashi nilikuta za aina mbili, ya nywele za nguruwe na ya nailoni. Nimechukua ya nailoni, kwa sababu nikiipeleka ile nyingine kwa Mjomba hataigusa. Sabuni ya kunyolea ya kopo, bakuli la udongo, na kipande cha shabu cha kupaka palipokatika.

9 Februari

Povu halisimami. Nimezungusha brashi kwenye kopo mpaka mkono umechoka, nikapata kitu kama maziwa ya kopo yaliyochuruzika. Nikipaka shavu la kulia, nikifika la kushoto la kulia limeshakauka. Wembe unakwaruza, na ndevu zinang'oka badala ya kukatika. Shingoni sikuthubutu.

Nadhani makali yamekufa. Wembe umekaa kabatini miaka mingi.

12 Februari

Leo nimeshughulika na ukanda tu. Mgongo wa wembe ndio unaotangulia, makali yanafuata nyuma, na ukifika mwisho unaugeuza kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Nimeugeuza vibaya mara moja tu na ukanda una jeraha la sentimita mbili. Nimelisugua kwa msasa laini. Mara ishirini upande wa kitambaa, mara arobaini upande wa ngozi, polepole, bila kukandamiza.

Kisha nikashika unywele mmoja kwa vidole viwili nikaushusha juu ya makali. Ukakatika wenyewe kabla sijausukuma. Nimerudia mara tano, sehemu tano za wembe, kuanzia kisiginoni hadi nchani. Kote unakata.

Basi makali yapo. Hapo nikachanganyikiwa.

20 Februari

Nimempigia Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Mjomba. Shingo inaendeleaje?"

Nikamweleza kila kitu, nikamalizia kwamba nafikiria kuupeleka wembe kwa mtu anayenoa.

"Usiupeleke popote. Hayo makali niliyatia mwenyewe kabla sijakupa. Povu lako likoje?"

"Linakuja, halafu linakufa."

"Linakufa baada ya muda gani?"

Sikuwa nimepima.

"Unatumia maji gani?"

"Ya kisima, Mjomba. Huku Kigamboni wengi tunatumia hayo."

Kimya kidogo, halafu: "Chumvi hiyo. Watu wanasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hawakusema maji ya bahari."

23 Februari

Hili nimelifanya kwa uangalifu kwa sababu nataka kuliamini. Chupa tatu za nusu lita, zote za aina moja, kila moja nimetia maji robo. Ya kwanza, maji ya kisima chetu. Ya pili, maji ya bomba kutoka kwa rafiki yangu ng'ambo ya kivuko, yale yanayotoka Mto Ruvu. Ya tatu, maji ya kunywa ya dukani. Kila chupa nikaitia kipande cha sabuni ya kunyolea cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, nikafunga, nikatikisa mara ishirini.

Chupa ya kisima: maji yamegeuka meupe kama tui jepesi, ndani yanaelea mabonge madogo, na povu limekufa kabla sijaiweka mezani. Chupa ya Ruvu: povu la vidole vitatu, baada ya dakika tano limebaki vidole viwili. Chupa ya dukani: povu limejaa mpaka shingoni, vipovu vidogo usivyoweza kuvihesabu.

Nimeziacha dirishani usiku kucha. Asubuhi chupa ya kisima ilikuwa na utando mweupe umeganda ukutani, uleule ninaousugua kwenye beseni kila Jumamosi. Kumbe huo utando ndio sabuni yangu. Maji yetu yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Zikikutana na sabuni zinaikamata, na kinachopatikana hakiyeyuki wala hakitoi povu. Chumvi ya kawaida nayo inafanya kazi yake: wapika sabuni humwaga chumvi kwenye sufuria makusudi ili sabuni ijitenge na maji. Kisima kilikuwa kinanifanyia hivyohivyo bakulini.

Wiki tatu nilikuwa naulaumu wembe, na wembe haukuwa na kosa.

2 Machi

Siwezi kununua maji ya chupa kila nikitaka kunyoa, nimejaribu njia tatu.

Kuyachemsha. Yanasaidia kidogo, ukoko unaoganda kwenye birika ni sehemu ya ile kalsiamu. Lakini chumvi haiondoki kwa moto, inabaki palepale na maji yanapungua. Povu limeongezeka kidogo, halitoshi.

Magadi. Ncha ya kijiko kwenye lita moja, nikayaacha yatulie, nikachukua ya juu. Povu lilikuja vizuri kuliko siku zote, na uso ukaniwasha mpaka jioni. Magadi ni makali kwa ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe. Sitarudia, na simshauri mtu.

Sabuni nyingine. Nyumbani tulikuwa na kipande cha sabuni ya mwani kutoka Unguja, iliyopikwa kwa mafuta ya nazi. Sabuni ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana mabaharia waliogea sabuni ya namna hiyo. Na kweli povu lilipanda haraka. Tatizo ni povu la mapovu makubwa, yanapasuka ukiyaangalia, na wembe ukipita chini yake unakuta ngozi tupu. Kwa kuoga sina sabuni ninayoipenda kuliko hiyo. Kwa ndevu inahitajika sabuni yenye asidi ya steariki kwa wingi, ile inayopatikana kwenye mafuta ya wanyama na mawese. Povu lake linachelewa kuja lakini ni zito, laini, na halikimbii. Halafu sabuni ya kunyolea hupikwa kwa potasi pamoja na soda, hivyo inakuwa laini na inakunywa maji mengi. Inakunywa maji mengi, lakini maji hayo yawe mazuri.

16 Machi

Mvua imenyesha tangu saa kumi alfajiri. Nimeiacha nusu saa ya kwanza ioshe bati, vumbi na kinyesi cha ndege vikapita, kisha nikatega ndoo chini ya mfereji. Nimejaza madumu mawili ya lita ishirini, nimeyachuja kwa kitambaa cha kanga na kuyafunga kwa kifuniko, maana maji yakikaa wazi mbu hawachelewi.

Saa mbili asubuhi nilinyoa. Sikubadilisha kitu kingine: sabuni ileile, brashi ileile, wembe uleule. Povu lilisimama. Nilipaka uso mzima, nikanyoa shavu la kulia, nikanyoa la kushoto, na kidevuni bado lilikuwa bichi linang'aa. Sijajikata. Nimekaa kwenye ngazi baada ya hapo nikijigusa mashavu kama mtu aliyepata uso mpya.

23 Machi

Sasa maji ninayo, kilichobaki ni kujua kiasi. Hapa ndipo penye kazi, na nimetumia wiki nzima hapa. Nimenyoa mara mbili tu, lakini povu nimetengeneza kila jioni na kulimwaga, ili mkono ujifunze.

Nachovya brashi kwenye maji ya vuguvugu, naikung'uta mpaka isidondoshe tone. Naizungusha juu ya sabuni nusu dakika hadi dakika moja, mpaka ncha za brashi zimebeba uji mzito unaonata kama gundi. Watu wengi wanaharakisha hapa. Sabuni ikiwa kidogo hakuna maji yatakayoiokoa. Naihamishia kwenye bakuli, naanza kuzungusha, na ndipo natia maji kwa kijiko cha chai, nusu kijiko kwa wakati.

Nusu ya kwanza: povu limejaa, limesimama vilima, linapendeza machoni. Hili ndilo lililonidanganya. Ukilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada linakwama, na ukilipaka linakauka dakika mbili hazijafika. Nusu ya pili na ya tatu: vilima vinaanza kulala. Nusu ya nne: uso wa povu unang'aa kama rangi mbichi ya mafuta, vipovu havionekani tena kwa macho, na vidole vinateleza hata nikivibana. Ni mtindi, mtindi mzito wa mgando uliopigwa na mwiko. Nusu ya tano kwa sabuni yangu bado ni nzuri. Ya sita linaanza kuchuruzika kidevuni na mapovu makubwa yanarudi.

Povu jema kwa macho ni kavu kuliko povu jema kwa wembe. Nimeandika hivyo kwa kalamu nyekundu ukutani juu ya sinki.

Likishakuwa tayari silikimbilii kwa wembe. Nalipaka kwa kuzungusha brashi kinyume cha ndevu ili liingie mpaka mzizini, naliacha dakika mbili tatu. Unywele uliokunywa maji unakatika kwa urahisi mkubwa kuliko mkavu. Nikitoka kuoga ni bora zaidi.

6 Aprili

Wembe sasa. Na povu zuri bado nilikuwa nakwaruza chini ya taya, kwa hiyo nimeanza kuangalia mkono.

Nimegundua nilikuwa nauinua sana mgongo wa wembe. Ukiulaza kabisa unateleza bila kukata, ukiusimamisha unakuwa panga. Mahali pazuri ni pale ambapo nafasi kati ya mgongo na ngozi ingeweza kupitisha unene wa mgongo wenyewe mara mbili, nyuzi thelathini hivi au pungufu. Na mkono usikandamize. Uzito wa wembe unatosha. Mimi kazi yangu ni kuuongoza. Masikio yananisaidia kuliko nilivyodhani: wembe ukiwa sawa unasikika ukikata kwa mchakato laini, kama panzi wa mbali, ukinyamaza, ama umelala au ndevu zimekwisha, ukikoroma, umesimama.

Mkono wa pili ndio unaofanya nusu ya kazi. Shavu nalivuta juu kwa vidole vilivyowekwa karibu na sikio. Kwa taya naipandisha ngozi ya shingo juu ya mfupa, ili sehemu ngumu ije mahali tambarare. Vidole vinavyovuta viwe vikavu, navifuta kwenye taulo kila mara, maana povu hili la sasa linateleza kwelikweli.

13 Aprili

Nimechora ramani ya ndevu zangu. Niliacha kunyoa siku nne, kisha nikapitisha kidole kila upande na kuweka mshale kwenye karatasi: kule ambako kidole kinateleza ndiko ndevu zinakoelekea. Mashavuni zinashuka, kama nilivyotarajia. Upande wa kulia wa shingo zinakwenda pembeni kuelekea sikioni. Upande wa kushoto, chini kabisa karibu na mtulinga, zinapanda juu. Zinapanda! Miaka yote nilikuwa nashusha kinyoleo pale nikijua nafuata ndevu, kumbe naenda kinyume chake, na vipele vyote vibaya vilikuwa palepale.

Utaratibu mpya: mara ya kwanza nafuata mshale. Napaka povu tena. Mara ya pili napita kwa ubavu, kukatiza mshale. Kinyume sipiti. Ukipapasa jioni unasikia mkwaruzo kidogo, na mimi nimeridhika nao. Ndevu za namna yangu zikikatwa karibu mno zinarudi kulipiza.

20 Aprili

Madoa mawili ya kutu karibu na bawaba. Hewa ya pwani haisamehe, na chuma hiki si kile kisichoshika kutu. Nimeyatoa kwa kitambaa na majivu laini. Kuanzia leo: nasuuza kwa maji ya mvua, nakausha mpaka ndani ya mpini, napitisha ukandani mara kumi kuondoa unyevu uliobaki, napaka tone la mafuta ya cherehani. Na siuhifadhi tena bafuni.

11 Mei

Wiki ya tano bila kipele kipya shingoni. Madoa ya zamani bado yapo lakini yamefifia. Shabu sijaigusa tangu tarehe 27.

Nimepiga hesabu ya maji kwa sababu masika yanakwisha. Nusu lita kila ninaponyoa, kuchovya, kupaka mara mbili na kusuuza. Mara mbili kwa wiki ni lita moja. Dumu moja la lita ishirini linanivusha wiki ishirini, yaani kutoka mwisho wa Mei mpaka katikati ya Oktoba, na vuli ikiwahi itanikuta bado ninayo. Dumu la pili linabaki akiba, na jirani mmoja ameshaniomba lita tano baada ya kuiona shingo yangu.

24 Mei, Tanga

Nimekuja na chupa ya lita moja na nusu ya maji ya mvua ndani ya begi. Mjomba alicheka alipoiona. Ana ndevu nyeupe, ngumu kuliko zangu, na mpwa wake mwingine humnyoa kwa mashine kila Ijumaa. Kwa wembe hajanyolewa tangu mikono ianze kutetemeka.

Alifungua kabati akautoa ule wembe wa pili. Niliupitisha ukandani mara sitini mbele yake, hakusema neno, nikajua sijakosea. Nikamwekea taulo la moto usoni, nikaanza na povu. Alikuwa amefumba macho lakini alikuwa anasikiliza brashi kwenye bakuli.

"Tia maji," akasema.

Nikatia nusu kijiko.

"Tena."

Nikatia. Mlio wa brashi ukabadilika, ukawa wa chini, mzito. Akanyamaza.

Nilianza shavu la kulia. Ngozi ya mzee ni legevu, inakunjika mbele ya wembe, kwa hiyo nilivuta kwa vidole vitatu na kupita vipande vifupi vya sentimita moja moja. Shingoni nilipapasa kwanza kutafuta mwelekeo. Zake zinashuka zote, hazina ukorofi wa zangu. Chini ya kongomeo nilimwomba ameze mate na kubaki hivyo, nikapita upande huu na upande huu. Dakika ishirini na tano nzima. Nilimsuuza kwa maji ya mvua yaliyobaki.

Akajipapasa polepole, shavu, kidevu, taya. Mkono ukasimama chini ya sikio la kushoto.

"Hapa umeacha," akasema.

Nikachukua brashi, nikatia nusu kijiko.